Somo la Afya: Daktari Anaposema Mchezo Basi kwa Sababu ya Moyo

Kuna ushauri wa daktari ambao mchezaji huupokea kwa kutikisa kichwa kisha akauacha pale pale kwenye lango la hospitali. Ni ushauri wa kuacha mchezo kwa sababu ya moyo. Aliyevunjika mguu huonekana na plasta, na hakuna atakayemwita uwanjani. Mwenye ugonjwa wa moyo anaonekana mzima. Ana misuli, anapanda ngazi bila taabu, na pengine Jumapili iliyopita alifunga mabao mawili. Wenzake wanamgongea mlango alfajiri waende kukimbia. Yeye mwenyewe haamini, na wazazi wake nao hawajui waamini nani.

Somo hili linaeleza ushauri huo unatoka wapi, unamaanisha nini na usimaanishe nini. Linawahusu hasa wakazi wa Majengo na mitaa jirani ya Eastlands, ambako mpira, ndondi na mbio ni zaidi ya burudani. Kwa kijana wa wodi ya Pumwani, timu ndiyo inayompa jina mtaani, marafiki, na wakati mwingine nauli na chakula. Kumwambia aache ni kumwomba kitu kikubwa, na anayemwambia anapaswa kujua hivyo.

Wachezaji wawili, maamuzi mawili

Papy Faty alizaliwa Bujumbura mwaka 1990. Alikuwa kiungo wa timu ya taifa ya Burundi, akacheza Rwanda, Uturuki na Afrika Kusini, ambako alivaa jezi ya Bidvest Wits ya Johannesburg. Aligunduliwa kuwa na tatizo la moyo, na madaktari wakamshauri aache kucheza. Baadaye alirudi uwanjani, na mwaka 2019 alikuwa Malanti Chiefs, klabu ya Eswatini. Tarehe 25 Aprili mwaka huo alianguka katika mechi ya ligi, mchezo ukiwa bado mchanga, bila kugongwa na mtu. Akafariki akiwa na umri wa miaka 28. Miezi miwili baadaye Burundi ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake, kule Misri.

Fabrice Muamba alizaliwa Kinshasa mwaka 1988, akahamia Uingereza akiwa mtoto wa miaka 11. Tarehe 17 Machi 2012, akiichezea Bolton Wanderers dhidi ya Tottenham jijini London, alianguka kifudifudi uwanjani. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Aliokolewa na watu waliokandamiza kifua chake bila kuchoka, mmoja wao akiwa daktari wa moyo aliyekuja kama shabiki na kushuka kutoka jukwaani, na kwa mashine ya kuushtua moyo iliyotumika tena na tena. Muamba alitaka kurudi kucheza. Madaktari walipomweleza hali ilivyo, alitangaza kustaafu Agosti 2012, akiwa na miaka 24. Alirudi darasani na kusomea uandishi wa habari za michezo.

Si haki kumhukumu Faty. Mpira ulikuwa ujuzi wake na riziki yake, na mchezaji anayejisikia mzima huona kama ushauri huo unamhusu mtu mwingine. Muamba naye hakuwa na ujasiri zaidi: yeye alikuwa ameshaanguka, na dunia nzima iliona. Wengi wanaoambiwa waache hawajawahi kuanguka. Wanatakiwa kuamini karatasi ya kipimo kuliko miili yao, na hilo ndilo gumu.

Moyo unavyokwama ukiwa kazini

Moyo ni msuli unaoendeshwa na umeme mdogo unaojitengenezea wenyewe. Mtu akikimbia, mwili humwaga adrenalini, mapigo hupanda kutoka 70 hivi kwa dakika hadi 170 au zaidi, na msuli hudai hewa nyingi. Moyo mzima huvumilia. Moyo wenye kasoro unaweza kuvurugika umeme wake, ukatetemeka badala ya kupiga, na damu ikaacha kwenda kwenye ubongo. Mtu huanguka kwa sekunde chache tu.

Kasoro zenyewe ni za namna nyingi. Kuna msuli wa moyo unaonenepa kupita kiasi, ugonjwa unaorithiwa katika ukoo. Huo ndio uliokutwa kwa Marc-Vivien Foé wa Kamerun, aliyefariki tarehe 26 Juni 2003 katika mechi dhidi ya Kolombia mjini Lyon, Ufaransa, naye pia akiwa na miaka 28. Kuna mishipa ya moyo iliyoota mahali pasipo pake tangu tumboni. Kuna hitilafu za umeme peke yake, ambapo moyo ukipasuliwa hauonyeshi kasoro yoyote. Kuna msuli uliovimba baada ya maambukizi ya virusi. Mtu aliyekuwa na homa kali wiki iliyopita asilazimishwe mazoezi, hata kama kocha ana fainali.

Dalili zinazopaswa kumpeleka mchezaji kituo cha afya ni chache na zinajulikana: kuzimia katikati ya mazoezi, maumivu ya kifua wakati wa kukimbia, moyo kwenda mbio bila mpangilio, au kuishiwa pumzi kuliko wenzake wa rika moja wanaofanya mazoezi yale yale. Jambo la tano ni historia ya familia. Ikiwa ndugu wa damu alifariki ghafla akiwa kijana, hata kama ilisemwa ni uchawi au alizama majini, daktari aelezwe.

Kuzimia ndiko kunakodharauliwa sana. Mchezaji akianguka, watu husema ni njaa, ni jua, ni saumu, au amerogwa na timu pinzani. Kweli, anayesimama ghafla baada ya mbio ndefu anaweza kupata kizunguzungu akaketi chini, na mara nyingi si jambo la kutisha. Anayeanguka wakati miguu bado inakimbia ni kesi nyingine kabisa, na asirudishwe uwanjani siku hiyo hata akiamka na kusema yuko sawa.

Moyo mkubwa usio mgonjwa

Hapa pana mkanganyiko unaowatisha watu bure. Mtu anayefanya mazoezi ya mbio ndefu au baiskeli kwa miaka, moyo wake hupanuka na kupata nguvu. Akiwa amepumzika unaweza kupiga mara 45 tu kwa dakika, wakati kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni kati ya 60 na 100. Huo si ugonjwa. Ni moyo uliozoea kazi, unaosukuma damu nyingi kwa pigo moja.

Tatizo ni kwamba kwenye picha, moyo wa mwanariadha na moyo mgonjwa unaonenepa huweza kufanana. Daktari asipokuwa na uhakika humwambia mchezaji apumzike kabisa, mara nyingi kwa miezi kadhaa, kisha ampime tena. Moyo uliokua kwa mazoezi hurudi nyuma mazoezi yakikoma. Ule wenye ugonjwa haurudi. Kwa hiyo kijana aliyeambiwa "pumzika miezi mitatu" hajaambiwa aache maisha yake yote. Yuko ndani ya kipimo. Akienda kufanya mazoezi kwa siri, anakiharibu kipimo chenyewe na anaweza kupewa jibu lisilo lake.

Vipimo vinavyotumika ni viwili hasa. Cha kwanza ni ECG, kinachosoma umeme wa moyo kwa nyaya zinazobandikwa kifuani. Huchukua dakika chache na hakiumi. Cha pili ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ambayo wengi huiita eko, mashine ikiwa ya aina moja na ile wanayopimwa akina mama wajawazito. Italia imewalazimisha wanamichezo wa mashindano kupimwa kabla ya kucheza tangu mwaka 1982. Nchini Kenya hakuna utaratibu kama huo kwa timu za mtaani, hivyo dalili na historia ya familia ndiyo kinga ya kwanza.

Ugonjwa unaoanzia kooni

Mifano iliyotangulia ni ya wachezaji wakubwa na magonjwa ya kuzaliwa nayo. Katika mtaa kama Majengo, ugonjwa wa moyo wa kijana mara nyingi una njia nyingine, na njia hiyo inaweza kufungwa.

Huanza na koo. Mtoto wa miaka kati ya 5 na 15 anaumwa koo kwa sababu ya bakteria aina ya streptokoka. Koo linapona lenyewe, mtoto anarudi shuleni. Wiki mbili au tatu baadaye anapata homa, goti linavimba na kuuma, kisha maumivu yanahama kwenda kiwiko au kifundo cha mguu. Mwingine hutupa mikono ovyo bila kukusudia akadhaniwa mtundu. Hiyo ni homa ya baridi yabisi. Kinga ya mwili, iliyojiandaa kupigana na bakteria, imegeuka na kushambulia viungo na moyo. Viungo hupona. Vali za moyo, yaani vile vilango vinavyozuia damu kurudi nyuma, hubaki na makovu, na kila shambulio jipya huongeza kovu juu ya kovu.

Bakteria hawa hupenda msongamano. Majengo ilijengwa katika miaka ya 1920 kwa nyumba za mtindo wa Kiswahili, vyumba vikitazamana kwenye ujia mmoja, na leo chumba kimoja huweza kulaza familia nzima. Mtoto mmoja akikohoa usiku, watano wanavuta hewa ile ile. Haya si makosa ya mzazi, lakini ndiyo sababu koo la mtoto wa Majengo lisitibiwe kwa asali na ndimu peke yake.

Dawa ni penisilini, ya bei nafuu na ya zamani. Ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lilipoanza kuuma, huzuia homa ya baridi yabisi. Mtoto amalize dozi yote hata kama siku ya tatu tayari anakimbia nje.

Anayekosa kutibiwa huweza kukaa miaka mingi bila kujua. Vali ikiwa imebana, damu huhitaji muda zaidi kupita. Akiwa ameketi, muda huo upo. Akikimbia, moyo unapiga haraka, muda unapungua, damu inarundikana nyuma kwenye mapafu, na pumzi inakatika. Ndiyo maana mchezaji aliyekuwa akicheza dakika 90 huanza kuomba kutolewa nje dakika ya 60, kisha ya 40, na kocha humwita mvivu. Kwa wasichana, ugonjwa huu mara nyingi hujitokeza kwa ukali wakati wa ujauzito, moyo unapobeba kazi ya ziada. Mwenye historia ya maumivu ya viungo yanayohama au pumzi kukatika awaambie wahudumu tangu kliniki ya kwanza.

Kuacha nini hasa?

Zamani jibu lilikuwa fupi: una ugonjwa wa moyo, kaa chini. Sivyo tena. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya uliotolewa mwaka 2020 unasisitiza mgonjwa na daktari wapime hatari pamoja, ugonjwa kwa ugonjwa na mchezo kwa mchezo. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari si "naweza kucheza?" tu. Mgonjwa aulize ugonjwa wake unaitwaje, aombe uandikwe, na aulize ni juhudi ya kiasi gani inayoruhusiwa. Kipimo rahisi kinachotumika ni mazungumzo: mtu anayeweza kuongea sentensi nzima huku akitembea haraka yuko katika juhudi ya wastani. Akishindwa kuongea, amevuka.

Nchi nazo hutofautiana. Sonny Colbrelli wa Italia, aliyeshinda mbio za baiskeli za Paris–Roubaix mwaka 2021, alianguka Machi 2022 mara tu baada ya kuvuka mstari wa mwisho katika mashindano ya Catalunya, Uhispania. Aliwekewa kifuani kifaa kidogo kinachoushtua moyo ukivurugika, na Novemba mwaka huo akatangaza kustaafu akiwa na miaka 32. Christian Eriksen wa Denmaki, aliyeanguka jijini Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, ana kifaa cha namna hiyo hiyo. Kanuni za Italia zilimzuia kuichezea Inter Milan, akaenda Uingereza, na Februari 2022 akarudi uwanjani na Brentford. Vijana humtaja Eriksen kama ushahidi kwamba mtu anaweza kurudi. Anaweza, akiwa na kifaa kifuani, daktari wa klabu kando ya uwanja na ambulensi langoni. Uwanja wa mtaani hauna hata kimoja kati ya hivyo.

Aliyebadilishiwa vali ana jambo jingine la kuzingatia. Vali ya chuma humtaka ameze warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, na apimwe damu mara kwa mara. Anayeitumia akipigwa kichwani anaweza kuvuja damu ndani ya fuvu. Kwake ndondi zimekwisha, hata zile za kufurahishana, na mpira wa kugongana pia. Kutembea, na mazoezi mepesi aliyopimiwa, kwa kawaida havijaisha.

Kuna jambo ambalo ushauri wa hospitali hulisahau. Kijana anaambiwa aache mpira, anaacha, kisha saa kumi na moja alfajiri yuko Gikomba akibeba marobota ya mitumba au akisukuma mkokoteni wenye viazi. Moyo hautambui tofauti kati ya mechi na mzigo. Kuinua uzito mkubwa huku umebana pumzi hupandisha shinikizo la damu ghafla, na kwa baadhi ya magonjwa ni hatari kuliko kukimbia. Mgonjwa amweleze daktari kazi yake kama ilivyo, kilo kwa kilo, bila aibu. Familia nayo ielewe kwamba huenda mapato ya nyumba yakabadilika, na mazungumzo hayo yafanyike mapema kabla kodi haijafika.

Anayebaki nje ya mstari

Wiki za kwanza ni mbaya. Aliyezoea kukimbia kilomita kumi kila siku hukosa usingizi, hukasirika ovyo, na hukwepa njia inayopita uwanjani. Wengine huanza pombe au miraa ili kujaza jioni, vitu ambavyo moyo mgonjwa hauvihitaji hata kidogo. Huzuni hii si udhaifu wala si kukosa shukrani kwa Mungu aliyemwacha hai. Ni msiba, na katika Majengo watu wanajua kukaa na mfiwa. Mzee wa timu, kocha au imamu anayekwenda kuketi naye bila kumhubiria anafanya kazi ya maana. Huzuni ikizidi wiki kadhaa au akisema hataki kuishi, apelekwe kituo cha afya kama mgonjwa mwingine yeyote.

Timu inaweza kumweka karibu. Kufundisha watoto, kutunza rekodi za mechi na kupanga ratiba ni kazi ambazo timu nyingi za mtaani hazina mtu wa kuzifanya. Urefa wa kati una mbio nyingi, hivyo aulize daktari kwanza. Asilazimishwe pia: wapo wanaohitaji mwaka mzima mbali na uwanja kabla hawajaweza kutazama mechi bila kuumia.

Kinachomweka hatarini zaidi ni kuficha. Mchezaji aliyeambiwa aache akahamia timu ya mtaa wa pili ambako hakuna anayejua, huyo akianguka hakuna atakayeelewa kinachotokea. Kocha anayeambiwa siri hiyo asiitangaze, lakini asimpange.

Mchezaji akianguka bila kuguswa

Ichukuliwe kuwa moyo umesimama hadi ithibitike vinginevyo. Aitwe kwa sauti na kutikiswa bega. Asipoitika na asipopumua kawaida, mmoja apige 999 au 112 na mwingine aanze kukandamiza kifua papo hapo. Kukoroma au kutweta kwa mbali si kupumua. Kiganja kiwekwe katikati ya kifua, mikono imenyooka, kifua kishuke kama sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na waokoaji wapokezane kila dakika mbili. Maji usoni, kitunguu puani na kijiko mdomoni havisaidii chochote. Kila dakika inayopita bila kukandamiza hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10, kwa hiyo kumbeba kwanza mbiombio kupitia vichochoro ili kutafuta gari barabarani ni kupoteza zile dakika zenye thamani. Kifua kianze, gari lifuate.

Pa kuanzia

Kwa mwenye wasiwasi, mlango wa kwanza ni mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lake, ambaye mkoba wake una mashine ya kupima shinikizo la damu, au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo anaweza kupewa rufaa hadi Mama Lucy Kibaki, na kesi za upasuaji hufika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) hufanywa kwa kupiga *147#, na ni vyema kufanywe kabla ya ugonjwa.

Mtoto aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi huhitaji sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, mara nyingi isiyopungua kumi, ili koo jingine lisije likaharibu vali zaidi. Sindano hiyo inauma na watoto huikimbia. Ikiwa eko inaonyesha vali hazijaharibika sana, mtoto huyo kwa kawaida huruhusiwa kucheza na wenzake, hivyo mwalimu wa michezo aelezwe asije akamzuia bure wala kumsukuma kupita kiasi. Tarehe ya sindano ijayo iandikwe kwenye kalenda ya ukutani. Ikiangukia wakati wa likizo na familia inasafiri ushago, achomwe kabla ya safari, au kadi yake isafiri naye ili zahanati ya huko imdunge kwa siku ile ile.